Safari ya Kuonja

Alhamisi, 5 Februari 1987

Supu ya njegere tena katika jiko la shule ninakopika, kama kila Alhamisi. Masufuria matatu makubwa, yote na nguruwe ndani. Naikoroga, siionji. Mwenzangu ndiye anayeonja chumvi. Mikono inanuka vitunguu mpaka sasa.

Nimerudi nyumbani Rissne nikamkuta mume wangu Kassim mezani, hajavua koti lake la udereva wa basi. Mbele yake karatasi yenye picha ya bahari na jengo jeupe. Siku saba Hispania, ndege na chumba, kwa robo ya bei. Kampuni inaiita safari ya kuonja. Sharti moja: kabla ya kupewa tiketi, mume na mke waende wote wawili ofisini kwao mjini, wakae, wasikilize. Wanauza wiki. Unanunua wiki yako moja katika lile jengo, na kila mwaka wiki hiyo ni yako mpaka ufe, na watoto wairithi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kimejitembeza mpaka mlangoni petu. Nimemwambia hivyo. Hakucheka.

Jumapili, 8 Februari

Tumeshinda mtaa wa Akalla, kwa rafiki yetu Mama Nuru. Waganda walikuwepo, na mazungumzo yao ni simu tu. Vita vimekwisha kwao, kila mmoja kapiga Kampala, kasikia sauti ya mama, ya dada. Wakamgeukia Kassim, Mganda mwenzao. Wewe je, umempata kaka yako? Kasema laini mbaya.

Mwongo. Hajajaribu hata mara moja.

Baba yao alipofariki, kaka huyo, Bashir, ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemvusha mpaka wa Kenya, kamlaza chini ya magunia ya mahindi. Miaka minne sasa barua zetu hazijibiwi. Namba ya duka la Bashir Kassim anayo kichwani. Hapigi. Maadamu hajapiga, kaka yake yu hai. Naliona hilo wazi, linanitia hasira, kisha huruma, kisha hasira tena.

Tuliahidiana mwaka huu akiba iwe nauli. Kampala kwao, halafu Tanga kwetu. Sasa habari ni Hispania.

Jumanne, 10 Februari

Mtu wa kampuni kapiga simu. Sauti laini kama ya mtangazaji. Kauliza mara mbili kama mke atakuja. Bila mke hakuna tiketi. Jumamosi, basi.

Binti yetu Safia keshalitangazia darasa zima. Namuuliza kwa Kiswahili nani kamwambia tunakwenda, ananijibu kwa Kiswidi kwamba baba. Miaka tisa, na tayari anajua kuchagua upande.

Ijumaa, 13 Februari

Tumegombana. Nimesema twende, tusikilize, tuchukue tiketi, tutoke. Asitie sahihi. Kasema mimi Tanga yangu ipo pale pale, siwezi kuelewa. Yeye anataka mahali pamoja duniani ambapo akifika na ufunguo wake mlango unafunguka.

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Naogopa. Anapiga viatu vyake rangi kama mtu aliyekwisha kuamua.

Jumamosi, 14 Februari, asubuhi

Kavaa suti ya harusi yetu. Kitabu cha benki kimo mfukoni mwa koti. Kadhani sikukiona.

Jumapili, 15 Februari

Sijalala. Niandike yote, labda mzigo utapungua.

Jana ofisini walitupokea kama wakwe. Kahawa, mikate ya mdalasini, picha ukutani, picha mezani. Muuzaji kijana, tai ya njano. Kila nilipotaka kuinuka alinimiminia kahawa. Tuliambiwa itachukua saa mbili, zikapita, ikapita na ya tatu. Akamuuliza Kassim habari za kwao, na Kassim, ambaye mimi simtoi neno, akafunguka. Kaka yangu mfanyabiashara mkubwa Kampala. Kaka yangu mtu wa kuheshimiwa. Kijana anaitikia kwa kichwa, anaandika.

Kisha mkataba. Leo tu, kasema, kesho bei si hii. Kassim akatoa kitabu cha benki. Akashika kalamu.

Ndipo nikasema. Kwa Kiswidi changu cha jikoni nikasema kwetu jambo kubwa kama hili haliamuliwi kabla kaka mkubwa hajaulizwa. Ni neno la adabu tu! Kwetu ukimwambia mtu hivyo anaelewa umekataa, anakusanya vyake, mnaagana vizuri. Nani angedhani mtu atatoa simu?

Kijana kaitoa. Kaivuta, kaiweka mbele ya Kassim. Mpigie sasa hivi, kampuni inalipa.

Kassim aliniangalia. Sijapata kuangaliwa vile. Baada ya sifa zote zile hakuweza kumwambia mgeni kwamba hajui kama kaka yake yu hai. Akaitaja namba. Opereta akasema tungoje, atatupigia.

Tukangoja. Kijana anapanga karatasi zake. Kassim kalowa jasho, dirishani theluji. Nilimwomba Mungu laini isipatikane. Nikamwomba ipatikane.

Ikalia.

Alisema Kiganda. Mimi Kiganda changu ni cha salamu na chakula, sikuambulia kitu. Sauti yake haikutetemeka. Alisikiliza sana, akaitikia, akauliza mawili matatu, akashukuru. Akaweka simu taratibu. Akafunika kalamu.

"Kaka anasemaje?" kijana akauliza.

"Kaka amekataa."

Kijana akaanza upya habari za bei, lakini Kassim alikwisha simama. Akarudisha kitabu mfukoni. Tiketi tutaletewa kwa posta, maana sharti tumelitimiza.

Mimi furaha ilinijaa. Bashir yu hai! Yu hai na akili zake timamu! Nikamshika Kassim mkono barabarani mbele za watu, jambo nisilolifanya. Nilicheka peke yangu ngazi zote za kushukia treni.

Tulipita vituo viwili. Ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha Kampala: "Bashir alikufa. Ni mwaka mbili sasa. Mutoto yake ndiye ameshika simu."

Nilikuwa bado natabasamu. Hilo sitajisamehe upesi.

Jumatatu, 16 Februari

Matanga. Watu wametoka Akalla, wametoka Fisksätra. Waislamu wamesoma Yasini, Wakristo wamekaa nao kimya. Viatu vimefika mpaka kwenye lifti. Mama Nuru kaja na sufuria lake la pilau na kanikataza kushika kitu. Hakuna aliyemuuliza Kassim kwa nini hakupiga mapema. Nawashukuru kwa hilo kuliko pilau.

Halii. Anagawa chai.

Ijumaa, 20 Februari

Anakwenda kazini, anarudi. Hatuzungumzi. Anadhani mimi ndiye niliyemwua Bashir pale mezani, au mimi ndiye ninayedhani anadhani. Sijui.

Jumatano, 25 Februari

Muuzaji kapiga. Bei imeshuka, kasema. Je, kaka anaweza kufikiria tena?

Nilibaki na simu mkononi. Kassim alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila kitu. Nikamjibu yule kijana kwamba shemeji yangu akisema hapana ni hapana. Nikakata.

Kassim akakaa sakafuni, hapo hapo chini ya makoti, akalia. Alilia kwa sauti, majirani wamesikia, na wasikie. Nikakaa naye. Safia akatoka chumbani kwake, akakaa upande wa pili. Hakuuliza kitu, kwa lugha yoyote.

Jumapili, 8 Machi

Jua kidogo leo. Theluji inadondoka kutoka kwenye paa.

Tiketi zilifika Alhamisi. Hatutazitumia. Safia kanuna siku nzima, kisha kala.

Adhuhuri simu ya Kampala. Safari hii wao ndio waliopiga. Kassim kanitafsiria kidogo kidogo, mkono juu ya simu. Binti mkubwa wa Bashir kapata mchumba. Watu wa mchumba wamekuja mara mbili na wamerudishwa, kwa sababu hawawezi kujibiwa kabla mkubwa wa nyumba hajasema. Mkubwa wa nyumba sasa ni Kassim. Kawaambia wangoje mpaka Juni, atakuja mwenyewe.

Mwishoni binti akachukua simu. Niliisikia sauti yake ndogo kutoka pale nilipokaa. Alimwita taata. Neno hilo nalijua, kwao baba mdogo ni baba.

Kassim aliinuka, akasimama. Kisha akaitika.