Kope za Mama Joel

Alhamisi

Leo kaja Mama Joel kubandika kope. Jumamosi mwanaye anaoa, na hadi mwaka jana aliyekuwa aolewe ni mimi. Kaingia saluni hapa Sekei kama vile hakuna kilichotokea. Nikampa shikamoo. "Marahaba. Mwenye mkono mwepesi ni wewe tu," akasema. Sijui ana moyo gani huyu mama.

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nikamwekea mto chini ya magoti, maana mgongo unamsumbua, nikamfunika shuka la Kimasai. Najua hapendi baridi.

Nikiwa kwenye jicho la pili akaanza, "Mimi nilitaka uwe wewe, ila Joel..." Akaanza kuvuta kamasi.

Nikamkatisha. "Usilie mama, gundi haijakauka."

Nikawasha feni ndogo, nikaendelea kubandika. Aliyelia ni mimi, kimya kimya, machozi yakiishia kwenye barakoa. Yeye alikuwa amefumba macho, hakuona.

Akapitiwa na usingizi. Aliposhtuka, macho bado kayafumba, akaita kwa mazoea, "Mkwe?"

Nikaitika, "Abee, mama."