Vidonge vya Bi Rayya

Jumamosi, 3 Oktoba 1998. Ibra, saa mbili kutoka Maskat
Raundi saa mbili. Wagonjwa kumi na mmoja, madirisha yote wazi, vumbi mpaka kwenye mashuka. Bi Rayya bado anakohoa. Mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, na makohozi bado yana vijidudu. Kapungua kilo mbili tena. Sielewi.
Manesi hawajui Kiswahili, na Kiarabu chake cha kubabaisha. Kwa hivyo kila siku ni mimi. Nikimwamkia huniuliza kwetu Unguja mtaa gani. Vuga. Yeye wa Wete. Kesho atauliza tena.

Jumatatu, 5 Oktoba
Nesi Susamma kaniita pembeni. Mkojo wa Bi Rayya siku nyingine ni mweupe. Wenzake wote mkojo wao mwekundu, ndivyo dawa ile inavyofanya. Hamezi.

Jumanne, 6 Oktoba
Nimemwambia mtu mzima, sawa na mama yangu, afungue mdomo. Nimeona haya. Chini ya ulimi, vidonge viwili. Ndani ya foronya, soksi. Ndani ya soksi, vingine sita.
Alilia bila sauti. Kisha akasema, "Si vyangu peke yangu, mwanangu. Tunagawana."
Anagawana na Asila, mjukuu wake, miaka kumi na tisa. Yuko kwao Al Qabil, anakohoa tangu Iddi Kubwa. Hajapelekwa kwa daktari yeyote. Kaposwa na watu wa Sur, harusi Shaabani, wakisikia wataghairi. Baba yake, Khalfan, ndiye anayekuja kuchukua vidonge kila Ijumaa.
Nusu dozi huku, nusu kule. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyoizoea dawa. Naogopa.

Jumatano, 7 Oktoba
Nilimpigia simu Khalfan, akaja. Ana cheo ofisini kwao, kanzu imenyooka, adabu tele. Alisema binti ana pumu tu. Nikamwonyesha soksi. Akasema taratibu, "Daktari, wewe mwenzetu. Tusitiri."
Nimempa mpaka Jumamosi amlete. Kanuni inanitaka niandike wizarani leo hii. Sikuandika. Neno lile limeniingia. Hapa naitwa Mzanzibari kila nikifungua mdomo, na leo mtu kaniita mwenzetu. Mjinga mimi.

Jumamosi, 10 Oktoba
Hawakuja. Adhuhuri Bi Rayya kakohoa damu, bakuli zima. Nimeandika ripoti ya wizarani. Kisha nikachukua gari nikaenda Al Qabil mwenyewe.
Mke wa Khalfan alinifungulia geti. Asila hayupo, alisema, kaenda Sur kwa khaloo yake, mama yake mdogo. Nyuma ya mlango mtu akakohoa. Kikohozi kirefu, cha chini ya mapafu. Tulikisikia sote wawili.
Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia nitasubiri.
Nusu saa hivi. Asila akatoka mwenyewe, kaziba mdomo kwa shela, kakonda mpaka mabega yanaonekana. Aliniuliza jambo moja, "Bibi yuhai?" Nikasema yuhai. Akavaa viatu. Mama yake alimshika mkono, halafu akauachia.

Jumapili, 11 Oktoba
Picha ya kifua: mapafu yote mawili. La kulia lina tundu juu.
Kitanda chake nimekiweka karibu na cha bibi yake.

Jumatano, 21 Oktoba
Bi Rayya kafariki alfajiri. Damu tena. Asila alikuwa kamshika.
Siku tatu nilizompa Khalfan, nazihesabu. Huenda zisingebadilisha kitu. Nazihesabu.

Jumatano, 4 Novemba
Majibu ya maabara yamefika kutoka Maskat. Dawa mbili kubwa hazimfanyi kitu Asila. Tunaanza nyingine, sindano kila asubuhi, mwaka na nusu ikiwa ataweza. Nimemwambia wazi. Aliuliza kama nywele zitakatika. Hazikatiki.
Watu wa Sur wamevunja uchumba. Khalfan huja kila siku, hukaa koridoni. Haniangalii usoni. Leo aliniuliza kama binti anakula.
Nilimwambia mchana kala wali na samaki, nusu sahani, na anataka ndimu, jikoni hakuna.
Akaondoka. Nilimwona dirishani akivuka barabara kwenda sokoni, kwa miguu, jua kali, kofia mkononi.