Kiu Niliyodhani ya Salfa

Songea, 14 Juni 2024

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi Mwanne ninayeishi naye: vidonge vya sukari simezi. Shikamoo lakini. Nimetanguliza jambo, maana nikianza na salamu nitaogopa. Mama hajambo?

Kila asubuhi Shangazi ananisimamia na bilauri. Naviweka chini ya ulimi, akigeuka natema. Nataka nizidiwe ili mnirudishe nyumbani Nakapanya. Kwenye simu siwezi kusema, ni yake na anasikia kila kitu.

Siku ile hospitalini daktari alisema sukari yangu haihitaji sindano, akauliza nani mwingine nyumbani anayo. Ukajibu, "Hakuna, huyu kaipata kwa soda za dukani." Foleni nzima ikacheka. Baba, soda nilikuwa nakunywa Idi kwa Idi! Halafu ukaniacha huku. Miezi mitano. Nimewamisi mpaka harufu ya mikorosho. Bado unanionea haya?

Mwanao,
Ashura

Nakapanya, 4 Julai 2024

Mwanangu Ashura,

Asalaam alaykum. Sisi wazima, mama yako anakusalimu sana. Barua yako ilikaa dukani kwa Chande, nimeipata juzi.

Msimu huu kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho kumenimaliza. Nakunywa maji ndoo nzima, kutwa niko vichakani. Chande ananitania, "Daimu, umegeuka mgomba?" Nikawa nasema ni vumbi la salfa tu. Niliposoma barua yako nikakumbuka swali la yule daktari, nikaenda Tunduru kupimwa. Ni sukari, mwanangu. Daktari anasema ninayo siku nyingi, na huenda yako umeirithi kwangu. Nilikusema mbele za watu bure. Nisamehe.

Nyumbani tunakutaka. Kitanda chako hajakilalia mtu. Lakini sitaki uje umebebwa. Meza dawa, na umwambie Shangazi yako. Jumapili nitampigia, naomba awe ameshasikia kwako. Shule ikifunga nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Baba yako,
Daimu

Songea, 6 Julai 2024

Baba, shikamoo. Pole sana. Umeanza vidonge? Kula kwanza ndipo umeze, la sivyo tumbo litakusokota. Natamani ningekuwepo nikukumbushe.

Leo nimemeza. Kimoja kilikwama kooni, nikacheka peke yangu.

Shangazi sijamwambia. Nimemfuata jikoni mara mbili, mara zote nikaishia kuomba chumvi. Akasema, "Wewe mtoto, unailamba?" Naogopa ataumia, maana ile bilauri huwa anaisuuza vizuri kabla ya kunipa.

Nasikia kandambili zake zinakuja. Amefika mlangoni. Baba, karatasi siifichi