Somo la Jicho

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vitambaa,
Tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo je, umepoa tangu wakuhamishie kazi kwenye wodi ya wagonjwa wasiohitaji kuinuliwa? Sisi huku wazima. Mafua yalipita nyumba nzima yakamruka Baba peke yake, naye anajigamba kuwa yalimwogopa.

Uliniuliza binti yako anasoma nini siku hizi. Darasa la nne si mchezo. Hisabati wamefika kwenye sehemu, robo na theluthi. Kiswahili wanafanya ngeli, na sasa nikisema ovyo ananisahihisha mbele ya wateja. Maarifa ya jamii wamechora ramani ya mtaa. Kwenye yake, cherehani yangu ni kubwa kuliko soko. Sayansi wanasoma milango ya fahamu. Hapo kwenye sayansi ndipo nilipotaka kufika, ila nimezunguka kwa sababu naona aibu.

Unakumbuka Februari nilikuandikia kuwa mtoto amekuwa mvivu. Daftari lake la kunakili ubaoni lilikuja na mapengo, sentensi zimekatika katikati. Mwalimu wake alilalamika kwamba anachungulia kwa jirani. Wewe ukampigia simu ukamgombeza, na ulifanya hivyo kwa maneno yangu. Mimi nikamkataza kucheza nje, nikamkalisha karibu na cherehani anakili kurasa za kitabu. Kitabuni hakukosea hata nukta. Hilo lingetosha kunifungua akili, lakini nililigeuza kuwa ushahidi: kumbe anaweza, ila hataki.

Wiki tatu zilizopita wakafika somo la jicho. Mwalimu alibandika ukutani karatasi ya herufi, kubwa juu, ndogo chini, kila mmoja akasimama mwisho wa darasa kuzisoma. Wenzake walishuka hadi mstari wa sita. Yeye alisoma mstari wa kwanza tu, akaishia hapo. Darasa likacheka. Mwalimu akawatuliza, akamsogeza hatua moja moja, na ni pale alipokaribia kugusa ukuta ndipo akasoma yote.

Jioni ile mwalimu alinifuata dukani mwenyewe. Hakunilaumu, alijilaumu yeye kwa kumweka dawati la nyuma. Alipoondoka nilimuuliza mtoto kwa nini siku zote hizo hakusema kwamba haoni.

"Mama Mkubwa, nilidhani watu wote wanaona hivi," akasema. "Nilidhani wenzangu wanajua kukisia kunishinda."

Nilishindwa kuendelea na kazi. Nikafunga duka mapema.

Sasa ana miwani. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akisoma vibao vya maduka kwa sauti, hadi kinyozi akatoka nje akidhani anaitwa. Lakini sitakuficha: sehemu zimempita. Wenzake wamehamia desimali, yeye bado anarudia nusu na robo na mwalimu baada ya vipindi. Na hanyooshi mkono darasani hata jibu likiwa mdomoni. Hilo fundi miwani hana dawa yake, na ni mimi niliyelisababisha.

Nimemwomba radhi. Aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kupaka rangi picha yake. Baadaye, bila kuinua uso, akaniuliza, "Na mama ameshajua kwamba mimi si mvivu?"

Nilimwambia bado, lakini nitakuandikia leo leo. Tafadhali ukipiga simu Jumapili, usianze na alama wala masomo. Anza na hilo.

Baba anakusalimu, shangazi pia, na fundi viatu wa mlango wa pili ambaye bado anauliza unarudi lini. Mungu akutunze kazini na akupe usingizi mwema baada ya zamu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niliyekukosea,
Mama Mkubwa wa binti yako