Taa ya Mama Haipakwi Rangi

Homa Bay, 9 Agosti 1966. Asubuhi ni ya mawingu, upepo unatoka ziwani.

Mama mpendwa, natumaini kifua kimepoa.

Jana mwenye hoteli aliisifu taa uliyoifinyanga, udongo uliosuguliwa kwa jiwe hadi ukang'aa, na shingo yake ya shaba. Kisha akasema atainunua tukiipaka rangi ya dhahabu, kwani wageni wake hawataki vyungu.

"Kubali, nyathina, mwanangu, tusirudi mikono mitupu," Shangazi alininong'oneza.

Nikamwambia yule mtu, "Dhahabu iko migodini Masara, bwana. Huu ni udongo wa mama yangu."

Najua mabati ya jikoni yalitegemea taa hii. Hata hivyo, naileta vile ilivyo, tuiwashe sisi. Mungu akutunzie mikono.

Shangazi alikesha amenuna. Mimi nililala fofofo tangu saa mbili usiku.