Daftari Nililoogopa Kulisoma

Hosteli ya Wasichana,
Ruangwa.

Dada yangu Mwanahawa,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na nguvu ya kushika kalamu. Namwomba barua hii ikukute goti limepunguza kuuma na mmeshaanza kusafisha mashamba kungoja mvua. Shemeji kifua chake kinaendeleaje? Na Zuhura wangu, bado anakusumbua kuamka asubuhi? Huku sisi tu wazima. Baba Zuhura anafundisha palepale Nachingwea, na mimi niko Ruangwa na wasichana wangu. Ijumaa jioni nikipata gari namfuata, Jumapili narudi. Ndoa yetu imekuwa ya mwisho wa wiki, lakini alhamdulillahi, hatugombani, maana muda wenyewe hautoshi.

Unga wa uwele na karanga ulizompa yule kondakta vimefika. Niliwapikia wasichana uji, mmoja akasema, "Matroni, mbona huu una mchanga?" Nikamwambia huo si mchanga mwanangu, hiyo ni Kondoa kwetu. Mungu akulipe, dada. Kunilelea mtoto na bado unakumbuka kunitumia unga, sijui nikushukuru kwa maneno gani.

Sikupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, tena ni la aibu yangu, na kwenye simu ungeanza kucheka kabla sijafika mwisho. Mwezi wa tisa nilikaribia kumfukuzisha shule mtoto wa watu. Ni binti wa kidato cha nne, anaitwa Somoe, amefiwa na mama, analelewa na bibi yake kule Mbekenyera. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki chache. Angefukuzwa wakati ule, mtihani asingeufanya, na miaka yake minne ingekwenda na maji. Na aliyekosa si yeye, ni mimi.

Ilikuwa hivi. Siku ya Alhamisi, wasichana watatu walianguka kwenye paredi ya asubuhi. Mmoja alipiga ukelele, wa pili akamfuata, wa tatu akakakamaa kama mti. Unajua watu wanavyosema yakitokea hayo: mapepo. Tukawapeleka zahanati, na kabla ya saa nne wazazi walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa ofisi, wengine wamekuja na bodaboda kutoka Nkowe, jembe bado lina udongo. Mkuu wa shule akaniambia, "Matroni, nenda kakague matranka. Kama kuna hirizi humo ndani, tuione."

Hirizi sikuona. Niliona mikate iliyoota ukungu, barua za wavulana, na kwenye tranka la Somoe, chini ya khanga, kaunta buku limefungwa kwenye mfuko mweusi. Nikalifungua kwa nyuma. Dada, palikuwa na orodha ya majina ya wasichana wa bweni zima, yenye namba, kwa kalamu nyekundu. Mengine yamekatwa mstari. Na majina matatu ya kwanza yaliyokatwa yalikuwa ya wale watatu walioanguka asubuhi ile!

Nikageuza ukurasa wa kwanza. Mstari wa juu ulisema: "Niliporudi kutoka kaburini, nilikuta kiatu changu kimoja mlangoni." Nikalifunga. Nikasoma Ayatul Kursiyyu hadi mwisho, nikarudia tena, kisha nikatoka mbio mpaka ofisini. Ningenyamaza nikamwita mkuu pembeni, angalau. Lakini nilisimama mbele ya wazazi wote nikasema kwa sauti, "Somoe ndiye anayewaandikisha wenzake kwa majini. Majina haya hapa!"

Somoe aliitwa. Mtoto mwembamba, mpole. Alisema mara moja tu, "Ni hadithi yangu," na hakuna aliyemsikiliza. Wazazi walikuwa wanagombania kuona majina ya watoto wao. Mkuu akampa likizo ya kukaa nyumbani mpaka bodi ya shule ikutane Jumatatu. Nikamkabidhi mkuu lile daftari, akarudisha mikono nyuma. "Kaa nalo wewe, matroni. Mimi hicho kitu hakilali ofisini kwangu." Yeye ni mlokole wa huko Mbeya, tena ana digrii, lakini siku ile tulikuwa sawa.

Basi Ijumaa nikaenda nalo Nachingwea, Baba Zuhura anipeleke kwa sheikh lisomewe dua kisha lichomwe. Kulipakata niliogopa. Nililitia kwenye ndoo, nikalifunika kwa ming'oko niliyokuwa nampelekea. Hiyo ni mizizi ya porini, huku wanaichemsha wanakula na chumvi, na shemeji yako ameshaizoea kuliko wenyeji.

Jumamosi asubuhi nilikuwa napepeta mchele barazani. Baba Zuhura akatoa ming'oko kwenye ndoo, akalikuta daftari, nikamweleza yote. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Umelisoma?"

"Nilisome mimi? Nataka kuingiwa?"

"Hujalisoma."

"Mstari mmoja umenitosha, Baba Zuhura."

Akavaa miwani. Unamjua, akiona maandishi lazima atafute makosa. Akasoma kimya kurasa mbili, tatu. Nikamwona anacheka peke yake. Baadaye akaacha kucheka. Nikamwuliza kuna nini, akageuza ukurasa. Nikamwambia basi soma kwa sauti nami nisikie, tufe pamoja.

Dada, ni hadithi. Mama wa nyumba moja kule Matambarale amefariki, na ndani ya nyumba hakuna anayemtaja tena, kila mtu anaogopa kumliza mwenzake. Yule mama anarudi kila alasiri, anasimama mlangoni, lakini hawezi kuvuka kizingiti mpaka mtu wa ndani amwite kwa jina lake. Binti yake anamwona. Watu wengine wanahisi baridi tu. Siku baba anaoa mke mwingine, nyumba imejaa wageni, pilau linapakuliwa, na binti amesimama katikati ya watu, jina limemfika kooni.

Hapo Baba Zuhura akafunga daftari. "Ngoja nikaswali adhuhuri."

"Usiniachie hapo!" nikamwambia. "Kamwita au hajamwita?"

Akanitazama juu ya miwani. "Mama Zuhura, wewe si ulitaka lichomwe?"

Nilitoka jasho la aibu, mchele umemwagika nusu kwa kuku na sikuwa nimeuona. Nikakumbuka nilivyopiga kelele mbele ya watu. Tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kuwa kumsingizia mtu ni dhambi nzito, na mimi nimemsingizia yatima jambo nisilolijua, kwa sababu ya uvivu wa kufungua kurasa. Siku ile niliswali nikalia mpaka Baba Zuhura akaja kuniuliza kama naumwa.

Jumapili alasiri nilirudi hosteli. Wasichana walikuwa uani wanasukana twende kilioni. Nikakaa chini kwenye mkeka wao, jambo ambalo silifanyi, wakasogea kunipa nafasi. Nikauliza ile orodha ni ya nini. Wakatazamana. Kuruthumu, huyo mwenye mdomo, akasema, "Matroni, ile foleni. Daftari ni moja, sisi tuko wengi. Ukimaliza kusoma unakatwa, anafuata mwingine."

"Na wale watatu?"

"Wale wanalala jirani na Somoe, ndio wakasoma wa kwanza. Na walikuwa wanafunga Jumatatu na Alhamisi kuombea mtihani. Daku hawali, eti usingizi. Alhamisi ile jua likawamaliza. Mmoja kaanguka, wengine wakaogopa wakaanguka nao."

Nikawauliza, nanyi hadithi za kutisha mnazitakia nini, mbona vitabu vya dini vipo, vitabu vya masomo vipo? Wakacheka. "Stori kali, matroni, acha tu!" akasema mmoja. Kuruthumu hakucheka. Alikuwa anamsuka mwenzake, akaendelea kusuka huku anasema. "Matroni, yanayotutisha sisi hakuna anayetuuliza. Kufeli. Kuozwa. Baba kuhama nyumba. Unalala nayo unaamka nayo. Jini wa kwenye stori angalau unamsoma na wenzako, mnaogopa wote, na sura ikiisha anaondoka. Na yule binti wa kwenye stori ni kama sisi, lakini yeye kuna siku atasema."

Mimi nina elimu ya darasa la saba, dada, lakini hilo nililielewa.

Jumatatu bodi ilikaa, na wazazi wale wa Alhamisi nao walikuja. Somoe alikuja na bibi yake, kikongwe wa kujikaza, khanga mbili safi, anaongea Kimwera zaidi kuliko Kiswahili. Walikalishwa kwenye benchi la mwisho kama wezi. Mkuu alipofungua kikao tu nikanyoosha mkono. Nikasema, "Ndugu zangu, Alhamisi niliwaambia kitu nisichokijua. Daftari sikuwa nimelisoma. Nimelisoma sasa. Ni hadithi, na majina ni foleni ya wasomaji. Mtoto huyu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Mama wa yule binti wa kwanza kuanguka akasimama, mkono kiunoni. "Matroni, Alhamisi majini, leo hadithi. Keshokutwa utatuletea nini, filamu?" Watu wakacheka. "Tukuamini wewe yupi?"

"Usiniamini mimi, mama," nikamjibu. "Sikiliza mwenyewe." Nikafungua daftari.

Kusoma kwangu unakujua, najikwaa kila mstari. Lakini nilisoma. Kelele zilipungua, nikasikia mtu anavuta kiti asogee. Nikafika kwenye harusi, pale binti anapopaza sauti mbele ya wageni: "Mama yangu anaitwa Zainabu!" Na yule mama anavuka kizingiti, anakaa kwenye mkeka, hamdhuru mtu, anamshika mwanawe kichwa, basi.

Bibi kizee akainuka. Akauliza, polepole, "Nani kakupa jina hilo?"

Nikamwambia, limeandikwa humu, bibi. Kaliandika mjukuu wako.

"Zainabu ni mwanangu," akasema. "Mama yake huyu. Tangu tumzike, miye sijamtaja. Nikadhani mtoto kasahau. Nikasema, nisimtoneshe." Kisha akamgeukia Somoe, akamwambia maneno kwa Kimwera, mengi, sikuyajua hata moja, na Somoe akaficha uso kwenye khanga ya bibi yake, akalia kwa sauti. Sijawahi kumsikia yule mtoto akitoa sauti kubwa tangu aje hosteli.

Mama wa mkono kiunoni alikaa. Mkuu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Wajumbe hawakubishana sana. Somoe arudi bwenini siku ileile, daftari likae na matroni mpaka mtihani uishe, na ihakikishwe kuwa wanaofunga wanakula daku. Mkuu akaongeza, bila kumtazama mtu, kwamba mtihani ukiisha naye angependa kulipitia, kikazi.

Tulipotoka nilimwita Somoe pembeni nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha, matroni." Lakini mimi moyo ulikuwa na jambo, nikamwuliza kama mzazi. "Mwanangu, dini yetu unaijua. Unaamini marehemu wanarudi?"

"Hapana, matroni. Najua hawarudi," akasema. "Ndiyo maana nikaandika."

Dada, nimeswali shukrani nyingi tangu siku hiyo. Nashukuru aibu ilinipata mapema, ikanipata mbele ya watu walewale. Nashukuru nimepewa mume anayesoma kabla ya kusema. Nashukuru kwa bibi wa Mbekenyera, aliyeniletea juzi korosho kapu zima, amezibangua kwa mikono yake, akanibusu kiganja kana kwamba nimemtendea wema. Nilitaka kumwambia mimi ndiye niliyempeleka mjukuu wake kwenye benchi lile. Lakini anajua. Alikuwepo.

Mtihani umeanza wiki hii. Jana Somoe alitoka kwenye chumba cha mtihani wa Kiswahili anatabasamu. Nikamwuliza insha imekuwaje, akasema karatasi ndiyo iliyokuwa fupi.

Sasa nakuja kwa Zuhura. Najua anavyo vile vitabu vya majini na wafu chini ya godoro, uliniambia, na mimi ndiye niliyekujibu uvichome. Kama umeshavichoma, si kosa lako, ni neno langu ulilifuata. Kama bado, tafadhali dada, usivichome. Mwite akae nawe wakati unachambua mboga, mwambie akusomee. Akifika pabaya, usimkatize kwa istighfari. Mwulize pale alipoogopa ni wapi, na kwa nini. Nimekaa mbali naye miaka mitatu, na anayoyaogopa mwanangu siyajui. Mimi sikumwuliza. Ukimwuliza wewe ukaniandikia, nitakuwa nimemjua upya.

Nisalimie shemeji, mwambie tangawizi asiache. Nisalimie mama mkwe wako, na wifi wa duka la mafuta ya alizeti, na mwalimu wetu wa chuo aliyenifundisha herufi, mwambie bado najikwaa ila nasoma. Na Zuhura mpe barua hii aisome mwenyewe yote, hata sehemu zinazonifedhehesha.

Nakukabidhi kwa Mwenye kulinda wa karibu na wa mbali.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Salama