Nimewazuia Wenzangu Wasiruke kwa Sababu Mimi Siwezi

Mpendwa Bi Zakia,

Sijui nikuamkie au nikusalimu tu, kwa hiyo naanza na shikamoo ili nisikosee, na baada ya hapo naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu siku hiyo watu saba watapiga kura, na kura hiyo nimeshaiharibu mimi, na hakuna anayejua, hata mke wangu hajui.

Mimi ni rubani, au niseme nilikuwa rubani, miaka ishirini na sita katika shirika la ndege la umma ambalo sitalitaja. Nimebeba mawaziri, nimebeba maiti, nimebeba timu za mpira zilizofungwa mabao manne na bado zinaimba, na kila mwezi mshahara wangu ulikatwa fungu la pensheni nami sikuuliza linakwenda wapi, maana mtu akiwa juu ya mawingu asubuhi, Meru iko huku na Kilimanjaro iko kule, uzee haumjii akilini. Ndipo yakaja haya mambo ya ubinafsishaji, shirika likafilisiwa, ndege zikanunuliwa na tajiri, na mfilisi akatuambia kwamba makato yetu hayakuwahi kufika kwenye mfuko, yalipotelea njiani, na huu ni mwaka wa tano tunauliza ni njia gani hiyo.

Tuko marubani saba tuliobaki huku Arusha. Kila Jumamosi tunakutana kwa Najim, mtaa wa Sokon One, yeye ndiye mkubwa wetu kwa umri, mkewe anatuwekea chai ya tangawizi na sisi tunabishana nani anapaswa kutulisha uzeeni. Najim anasema ni serikali, ndiyo iliyouza. Nasri anasema ni yule tajiri, kachukua ndege basi achukue na deni. Mimi ni mwenyekiti wao, nasema walipe wote wawili, na watu wanapiga meza. Lakini ukweli, Bi Zakia, kwa sasa pensheni yangu inaitwa Anande, binti yangu muuguzi aliyeko Moshi, anayeleta sukari na dawa ya ng'ombe kila mwisho wa mwezi, na mimi napokea huku nikitazama pembeni.

Sasa sikia nilichofanya. Mfilisi ndiye anayeshikilia mafaili yetu. Siku hizi kuna makampuni binafsi mengi pale kiwanjani Kisongo yanayopeleka watalii Serengeti, na yanatafuta marubani, ila yanataka barua ya kuthibitisha saa ulizoruka, na barua hiyo mfilisi haitoi mpaka usaini fomu kwamba huna tena madai ya pensheni. Miaka minne iliyopita nilisimama kwa Najim nikasema hakuna kusaini, atakayesaini amewauza wenzake, tukashikana mikono wote saba. Walisema Kapteni ana msimamo. Lakini wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetoka Nairobi kupimwa, maana marubani wa umri wetu hupimwa afya kila miezi sita, na daktari alizima taa akanimulika machoni kwa muda mrefu mno, kisha akasema una presha ya macho, pembeni huoni tena, Kapteni, hutaruka. Akayaandika hayo kwenye karatasi, akanipa na nyingine ya kwenda kwa mtaalamu. Sikwenda. Nilizikunja zote mbili nikazitia ndani ya kofia yangu ya kazi, na kofia iko juu ya kabati mpaka leo. Nyumbani na kwa wenzangu nilisema sirudi kazini mpaka nipate haki yangu.

Mwezi uliopita alikuja Elisaria, mdogo kuliko sisi sote, ana miaka arobaini na mbili, nilimfundisha mwenyewe kutua wakati upepo unampiga ubavuni. Alikuja na mkungu wa ndizi. Akaniambia, "Kapteni, nimepata kazi Kisongo. Wananisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Naomba baraka yako nisaini."

Nikamuuliza, "Na pensheni yako?"

"Uzee wangu nitajilipia mwenyewe, mwalimu, nikiwa hewani. Hapa chini nazeeka bure."

Nilimhubiria nusu saa nzima. Nilimwita msaliti. Akasikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Sawa, mwalimu, basi wakubwa wapige kura," akaaga, akaondoka. Na kila mtu anajua watapiga kura ninavyotaka mimi.

Bi Zakia, sikuwa namwonea uchungu wa pensheni. Nilimwonea wivu. Alipokuwa anazungumza nilimwona amekaa kitini anafunga mikanda, anaangalia saa za mitambo mbele yake moja moja, na nilitaka asifike hapo kwa sababu mimi sitafika. Nimewaweka watu sita chini miaka minne ili nisibaki chini peke yangu, na wawili kati yao sasa wamepita umri wa kuajiriwa.

Sijui kama utanielewa ninavyoitamani ile kazi. Naishi Ngaramtoni, na kila siku saa kumi na nusu jioni ile ndege ya kutoka Serengeti hupita juu ya nyumba ikielekea kutua. Naijua kwa sauti. Najua leo ni injini moja au mbili, najua kama rubani amepunguza nguvu mapema au amechelewa, na mkono wangu wa kulia unasogea wenyewe juu ya goti kana kwamba nimeshika usukani. Saa hiyo tunakuwa barazani na mke wangu ananisomea gazeti, maana nilimwambia miwani inaniumiza kichwa. Ndege ikipita ananyamaza kwa sababu ya kelele, ikishapita anaendelea alipoishia. Mimi natazama chini. Natamani kuinua uso niitafute, lakini ataniona ninavyohangaika kuitafuta, na kila kitu kitajulikana.

Nifanyeje? Nikimruhusu Elisaria asaini, umoja wetu unavunjika na haki yetu inapotea. Nikimzuia, nimemzika akiwa hai. Nikisema ukweli, nabaki na nini? Tafadhali badilisha majina, na unijibu gazetini, nitalipata.

Rubani wa Chini, Arusha

*

Kapteni,

Shikamoo yako nakurudishia, sijafika huko, na juu yake naongeza ya kwangu. Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka mbele ya wanandoa kumi na wawili wanaogombana, maana Jumamosi yako haisubiri. Majina nimeyabadilisha.

Pole. Nasema pole ya kweli, kwa sababu mtu aliyeambiwa gizani kwamba kazi anayoipenda imekwisha, akarudi nyumbani na kukaa nayo moyoni miaka minne, ameumia sana. Ningekuwa karibu ningekutengenezea chai.

Sasa chai imekwisha, tuseme mengine. Umemwita msaliti mtu aliyekuja kwako kwa heshima, na ndizi zake ukala. Wawili umri umewapita, na umri huo hutaweza kuwarudishia hata mahakama iwalipe senti zote. Hilo utalibeba, na sitakusaidia kulibeba. Na macho yako! Daktari amekuandikia uende kwa mtaalamu, wewe unaweka karatasi ndani ya kofia, kofia juu ya kabati, huku una binti muuguzi Moshi penye hospitali kubwa! Hivi ungempa ndege rubani aliyesikia injini inagonga akanyamaza? Nimeuliza daktari. Uliyoyapoteza pembeni hayatarudi, lakini uliyobaki nayo yanaweza kulindwa kwa dawa ya matone, na kila mwezi unaosubiri yanapungua. Jumatatu uwe Moshi. Usinijibu kwamba Jumatatu una kikao.

Kuhusu fomu, nimemuuliza mwanasheria mmoja hapa mjini, mama mkali kuliko mimi. Anasema saa ulizoruka ni zako kama darasa ulilosoma, na pensheni ni madai mengine kabisa. Aliyefunga vitu hivyo viwili kwa kamba moja ni mfilisi, na nyinyi mmekaa miaka minne mkimlindia fundo lake. Mwandikieni kesho, barua moja yenye sahihi saba, mkitaka saa zenu bila fomu, na nakala iende kwa wanaotoa leseni na wizarani. Akikataa, Elisaria aende kwa wakili, asaini huku ameandika juu ya sahihi yake kwamba amelazimishwa na hajaacha madai. Sikuahidi kwamba hakimu atamkubalia. Lakini ni kijana mwenye miaka kumi na nane ya kuruka mbele yake, na hiyo ni yake kuamua, siyo yako wala ya meza ya Najim.

Mnabishana nani awalishe uzeeni. Kwangu hilo halina mjadala: aliyekukata mshahara anadaiwa, na aliyeuza shirika ajibu makato yalikokwenda. Daini mpaka mchoke, mkichoka pumzikeni mdai tena. Ila nani aliwaambia anayedai lazima akae chini? Anayeruka anaweza kudai pia, tena yeye atakuwa na nauli ya kwenda kwenye kesi Dar es Salaam, na Anande atapumua kidogo.

Jumamosi nenda na ile kofia. Iweke mezani, toa ile karatasi ya Nairobi, mpe Elisaria aisome kwa sauti mbele ya wote, kisha umwombe radhi mbele ya hao hao kwa kumwita msaliti. Wakitaka kukuvua uenyekiti, wavue, usibishe. Wakikuacha, endelea, maana kwenye kudai haki una sauti nzuri na hiyo haikupimwa Nairobi. Uliniuliza utabaki na nini. Utabaki na wanafunzi wako wakiruka.

Limebaki moja, na hili limenichekesha kisha likaniliza hapa ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kuna msiba. Umeniandikia kwa kalamu nene, herufi kubwa kubwa, mistari inapandana, ukaniomba nikujibu gazetini. Kapteni, gazeti unasomewa na nani?

Hukuliona hilo. Lakini sidhani umeharibu kitu. Mimi ndege ndogo zinapita juu ya paa langu kila siku na sijawahi kuacha kusoma kwa sababu ya kelele zake. Mkeo hanyamazi kwa sababu ya kelele. Ananyamaza ili usikie. Kwa miaka minne amekusomea kila ukurasa na hajakuuliza hata mara moja miwani mipya inauzwa wapi, na huo mkono wako unaosogea juu ya goti yuko pale anauona. Alikuwa anasubiri umwambie mwenyewe.

Mama, najua ni wewe unayesoma hapa. Usimgombeze leo, nimeshamgombeza mimi. Weka gazeti chini. Mshike mkono, mshuke kutoka barazani mpaka hapo uani penye uwazi, na ile ya saa kumi na nusu ikija, uinue mkono wake umwelekeze iliko.

Bi Zakia